Fahali Amelala Mlangoni

SAA TATU ASUBUHI. NYUMA YA BUCHA.

Shangazi alichora ramani kwa nyama.

Ini akaliweka katikati ya meza. "Hii ofisi ya daktari wa mifugo." Figo akaisukuma pembeni. "Geti la mbele. Mlinzi yuko hapa na redio yake." Kipande cha utumbo kikawa barabara ya nyuma, ile ya malori ya majani makavu. Halafu akanyanyua mfupa wa paja, mkubwa kama gogo, akautua mezani. Puu.

"Na huyu ndiye bwana harusi."

Bwana harusi ni fahali. Kilo mia tisa, mweusi tii, wa kituo cha mbegu za ng'ombe. Nusu ya ndama wa eneo lile ni wanawe na hajawahi kukutana na mama zao hata mmoja. Mbegu zinatolewa, zinagandishwa, zinasambazwa. Kuna mteja ng'ambo ya mto anamtaka. Anamtaka hai, tena amesimama.

Waliokuwa chumbani ni wanne. Shangazi, mwenye bucha na mwenye dili. Breki, dereva, aliyepewa jina hilo kwa sababu hapendi kuikanyaga. Sindano, mpwa wake Shangazi, aliyewahi kutunza farasi wa mashindano kabla hawajamfukuza. Na Dada, dada yake Sindano wa tumbo moja, anayefanya kazi pale pale kituoni. Anaosha vifaa. Anashika ufunguo wa stoo ya dawa. Ana mtoto ambaye bado ananyonya.

"Dawa iko wapi?" Shangazi akauliza.

Sindano akatoa chupa mfukoni. Zailazini, dawa ya kumtuliza mnyama. Aliondoka nayo kwenye mazizi ya farasi siku ile ile aliyofukuzwa. "Nikimdunga hii, anatembea kama mlevi anayerudi kwake. Kichwa chini, mate yanadondoka, lakini miguu inakwenda. Unamvuta kwa kamba, anafuata mpaka kwenye lori."

"Umeshamdunga ng'ombe?" Dada akauliza.

"Mnyama ni mnyama."

"Nimekuuliza ng'ombe."

"Nimedunga farasi wanaokula vizuri kuliko wewe."

"Sitaki kujua wanakula nini. Ng'ombe umeshawahi..."

Shangazi akapiga meza, ini likaruka. "Maneno mengi ya nini? Kasema anajua. Basi."

Ndivyo ilivyo siku zote. Mtu anaanza sentensi, Shangazi anaimalizia. Yeye ndiye aliyewalea hawa wawili, na hawaachi kukumbushwa.

"Nani aliwanyonyesha?"

"Hukutunyonyesha wewe," Dada akasema.

"Chupa. Chupa nani aliishika?"



Mpango ulikuwa hivi. Daktari anakwenda mjini, anarudi saa nane. Wafanyakazi wanakwenda kula. Dada anafungwa kamba ndani ya stoo ya dawa, mdomo na kitambaa. Wakimkuta, wamemkuta. Mhanga tu. Kwa Sindano hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote. Fahali wabaki naye, lori litumbukie mtoni, sawa. Dada asiguswe.

"Tujaribu tena," akamwambia. "Mimi nimekamatwa. Polisi anakuuliza, unamjua huyu?"

"Simjui huyu m..." Dada akapasuka kucheka.

"Acha mzaha."

"Sasa nifanyeje na hiyo sura yako?"

"Tena. Unamjua huyu?"

"Simjui." Akauma mdomo. Akacheka tena, safari hii mpaka machozi.

Sindano akashika kichwa. Mara paka akaruka mezani, akanyakua geti la mbele, ile figo, kwa mdomo, akatokomea nalo chini ya friji.

"Geti limeondoka," Breki akasema. "Hiyo ni heri au balaa?"

SAA SABA NA ROBO MCHANA. KITUONI.

Lori la majani likaingia kwa nyuma. Hakuna aliyeuliza kitu. Mbele kule redio ya mlinzi ilikuwa inatangaza mpira.

Dada akajilaza mwenyewe kwenye sakafu ya stoo. "Kaza. Ukifunga kilegevu nitaonekana nimejifunga mwenyewe."

Sindano akakaza. Akamwekea kitambaa mdomoni. Akatoka, akausukuma mlango wa chuma. Mlango ule unafungukia nje, kwenye njia ya saruji inayotoka zizini kwenda kupakilia. Juu yake kuna kidirisha cha nondo.

Fahali alikuwa anatafuna. Aliwatazama kama mtu aliyeona wageni wakati wa chakula.

Kwa farasi, Sindano alikuwa anapiga kwenye mshipa wa shingo na dawa inajibu hapo hapo. Fahali hakutoa nafasi ya mshipa. Alitikisa shingo mara moja tu, Breki akajikuta amekaa kwenye kinyesi. Basi Sindano akadunga kwenye nyama. Mililita kumi, kipimo cha farasi.

Wakasubiri.

"Bado anatafuna," Shangazi akasema.

"Nimedunga kwenye nyama. Inachukua muda."

"Muda gani?"

"Robo saa hivi."

"Robo saa ninayo mimi? Ongeza."

"Shangazi, ukiongeza kabla ile ya kwanza haija..."

"Ongeza, nimesema."

Akaongeza tano. Mkono ulikuwa unamwambia acha. Akaongeza hivyo hivyo.

Dakika chache, kichwa kikashuka. Mate yakaanza. Sindano akavuta kamba, na kweli, bwana harusi akafuata. Hatua nzito, macho nusu. Breki akatabasamu. Shangazi akamgonga Sindano begani, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Walipofika usawa wa stoo ya dawa, fahali akasimama. Kama mtu aliyekumbuka kitu. Magoti ya mbele yakakunjika. Kilo mia tisa zikaenda chini taratibu, zikalalia ubavu, zikaegemea mlango wa chuma.



"Mwinue," Shangazi akasema.

Wakavuta kamba. Wakamkunja mkia. Breki akammwagia ndoo ya maji. Akampigia kelele sikioni. Fahali akakoroma.

"Mpigie mteja," Breki akasema. "Mwambie usingizi ni bure."

"Funga mdomo wewe."

"Mimi nafunga. Huyu ndiye kafungua wake, ulimi uko nje."

SAA SABA NA DAKIKA THELATHINI NA TANO.

Sauti ikatoka kidirishani, ya mtu aliyetema kitambaa. "Ni nini kimeanguka?"

Sindano akasogea chini ya nondo. "Bwana harusi."

"Umempa ngapi?"

"Kumi. Na tano."

Dada akasonya. "Farasi kumi, ng'ombe moja. Halafu farasi anasimama, ng'ombe analala. Daktari analiimba hilo kila wakija wanafunzi, mpaka mimi wa kuosha chupa nimechoka kulisikia."

"Sasa si ungeniambia?"

"Nilikuuliza asubuhi."

Sindano akaupiga ukuta ngumi. Ukuta haukujali.

"Tumbo lake likoje?" Dada akauliza.

Akatazama. Ubavu wa kushoto ulikuwa umeanza kuumuka, umekaza kama mpira. "Linajaa."

"Gesi. Akilala hivyo haiwezi kutoka. Atabanwa pumzi. Mkalishe kwa kifua. Kichwa kiinuke, mdomo uelekee chini, mate yasimwingie kwenye mapafu."

"Tunaondoka, Dada."

"Sikiliza. Akiwa hai ni watu walijaribu kuiba ng'ombe wakashindwa. Akifa huyu, watatafuta mpaka wajue nani alisema daktari hayupo. Nani ana ufunguo. Watanifikia. Mtoto atanyonya kwa nani?"

Nyuma yake Shangazi alikuwa anamwambia Breki alete mnyororo. Wamfunge shingo, wamvute kwa winchi ya lori.

"Ukimvuta hivyo atakufa," Sindano akasema.

"Basi nitamuuza kwa kilo." Kisu kilikuwa tayari mkononi. Mwanamke wa bucha hatoki bila kisu. "Kalala, mimi ninacho, kazi imeisha."

"Nyama ina dawa. Utawauzia watu, walale kwenye foleni ya bucha yako?"

Kisu kikasita. Jina la bucha yake Shangazi alikuwa analipenda kuliko watu wengi.

"Kuna dawa ya kumwamsha," Sindano akaendelea haraka, kabla hajamaliziwa sentensi. "Iko humo ndani. Anaamka, anatembea mwenyewe, tunampakia. Nipe robo saa tu."

"Dakika tano."

"Shangazi, robo..."

"Nimesema tano." Akapanda kwenye lori.

Ndani ya stoo Dada alikuwa ameshayasikia, anahangaika na kamba aliyoifunga ndugu yake, na alikuwa ameifunga vizuri sana. Sindano alisikia visigino vinakwaruza sakafu. Alisikia anaguna. Akamwita, hakujibiwa. Akabaki anazunguka na hasira zisizo na pa kwenda. Akamweka fahali kifua chini kwa bega lake, Breki akisaidia kwa mguu mmoja na matusi mawili. Wakamkingia marobota ya majani asianguke tena, Breki akarudi kwenye usukani.

Halafu mkono ukatoka kati ya nondo. Kiganja kina damu. Kwenye kiganja, kichupa na bomba la sindano.

"Kwenye mshipa," Dada akasema, anahema. "Polepole. Ukisukuma haraka, moyo unasimama."

Safari hii Sindano hakubisha. Mshipa wa shingo sasa ulionekana, mnene kama kidole. Akaingiza sindano. Akasukuma tone kwa tone, jasho linamwingia machoni.

Honi ikalia.

"Bado," akapaza sauti.

Honi ikalia tena. Halafu lori likaanza kwenda. Kwenye geti la nyuma, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Breki akakanyaga breki. Taa nyekundu zikawaka. Ndani ya lori Shangazi alisema kitu. Taa zikazimika, lori likakata kona.

"Wameondoka?" Dada akauliza.

"Wameondoka."

"Kimbia na wewe."

Sindano alikuwa amekaa chini, kichwa cha fahali kimelala kwenye paja lake, kizito kama gunia la mchanga. Akijitoa, kichwa kinashuka, mate yanarudi kooni.

"Jifunge," akasema.

"Nitajifungaje mwenyewe? Itakuwa legevu."

"Mikono yako imechunika. Itatosha. Na kitambaa, Dada. Usisahau kitambaa."

SAA NANE KASORO DAKIKA KUMI.

Gari la daktari liliingia kabla ya wakati. Bila shaka. Siku ya namna hiyo, nani angechelewa?

Daktari alikuja mbio, mlinzi nyuma yake na rungu. Mlinzi akamshika Sindano ukosi. Sindano hakusogea. "Kichwa," akasema. "Mshike kichwa kwanza."

Wakati huo sikio moja la fahali likacheza. La pili. Akafungua macho. Akapiga mbweu moja ndefu, ya majani yaliyochacha, iliyowafanya wote watatu wageuze nyuso. Tumbo likashuka. Akanyanyua makalio, akanyanyua magoti, akasimama anayumba. Akawatazama. Halafu akageuka, akarudi zizini kwake kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemvuta. Wakasikia anaanza kutafuna.

Sindano alitaka kulia. Zile hatua. Hizo hizo ndizo alizokuwa anazitafuta tangu saa saba na robo.

Mlango ukafunguka. Dada alikuwa sakafuni, kitambaa mdomoni, kamba mikononi, damu kwenye viganja mpaka kwenye nguo mapajani. Daktari akapiga magoti kumfungua. Hata hakuitazama kamba. Aliitazama ile ngozi iliyochunika.

"Pole, mama. Pole. Walikuwa wangapi?"

"Sikuona vizuri."

Mlinzi akamsukuma Sindano mbele, akamwinua kidevu kwa rungu. "Na huyu? Unamjua huyu?"

Dada akanyanyua macho. Akamtazama ndugu yake usoni, ile sura, majani kwenye nywele, mate ya fahali mpaka kifuani. Sindano akasubiri. Aliuona mdomo wa Dada ukitetemeka pembeni, pale pale kicheko kinapoanzia.

"Simjui," Dada akasema.

Hakucheka. Sindano ndiye aliyeinamisha kichwa haraka, maana safari hii kilikuwa kinamtoka yeye.