Sufuria Kumi na Moja za Itunda

Kinusamajivu kilipanda kilima cha Itunda taratibu, kwa miguu yake sita, pua imegusa nyasi. Kimo chake kilikuwa cha mbuzi, na kwa mbali ungedhani ni mbuzi kweli mpaka uione sindano. Kila baada ya hatua nne kilisimama, kikazamisha sindano hiyo ardhini, kikavuta hewa iliyonaswa udongoni, kisha kikatulia kama mtu anayeonja mchuzi. Moto hata ukizimwa miaka mia huacha kitu nyuma: majivu, mafuta ya kitoweo, na chembe za udongo zilizoungua ambazo hazirudi tena kuwa zilivyokuwa. Kinusamajivu kilivisoma vitu hivyo vitatu, kikakwambia moto uliwaka lini, kwa siku ngapi, chini ya sufuria ya ukubwa gani, na ndani ya sufuria mlikuwa na nini.

Mhandisi Kemilembe, aliyekitengeneza, alikifuata nyuma na kishikwambi mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na mitano, magoti mabovu, na sifa ya mtu asiyekosea. Sifa hiyo aliipata zamani, kwenye Vita vya Mikoa, na tangu hapo hakuna aliyejisumbua kuipima upya.

Juu kilimani alimkuta bibi mmoja amekaa kwenye kigoda, mbele yake sufuria tupu, ndoo ya maji, mfuko wa unga, mwiko na mzigo wa kuni. Alikuwa Bibi Tusekile, mtu pekee aliyebaki hai kati ya waliokuwapo Itunda siku ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye mbuzi wako huyo?"

"Ndiye."

"Anakula nini?"

"Majivu."

"Basi hapa atashiba," alisema Tusekile, wala hakucheka.

Jambo lililowakutanisha lilikuwa hili. Katika mji mkuu, Mseto, palijengwa Ukuta wa Raia, na juu yake yalichongwa majina ya wote waliouawa vitani bila kushika silaha. Watu mia mbili na kumi na wawili wa Itunda hawakuwamo. Vitabu vilisema Itunda ilikuwa kambi ya Kikosi cha Tatu cha Jeshi la Milima, na wanajeshi hawachongwi kwenye ukuta ule. Kwa miaka thelathini na mmoja Tusekile alikuwa amebisha hodi kila ofisi ya Baraza la Upatanisho, mpaka walinzi wakamzoea wakawa wanamuuliza hali ya miguu yake. Sasa Baraza lilikuwa linafunga daftari. Saa kumi alasiri ya siku hiyo ingepokelewa ripoti ya mwisho, ya Mhandisi Kemilembe, na baada ya hapo Itunda ingebaki kambi milele.

Lakini Tusekile hakujua kwamba ubongo wa yule mbuzi ulikuwa umewahi kufika Itunda.

Vita vilipoanza, kila mkoa ulikuwa na jeshi lake, na mawili yalikuwa makubwa: Jeshi la Ziwa na Jeshi la Milima. Watu wa Ziwa walikuwa na vipanga vya chuma angani, watu wa Milima walikuwa na misitu ya kujificha. Kipanga hakioni chini ya miti. Hapo ndipo binti wa miaka ishirini na minne, Kemilembe huyu huyu, alipowaambia majemadari wa Ziwa kwamba bunduki hufichwa, mtu hufichwa, lakini tumbo halifichiki. Jeshi linalokula lazima lipike. Akatengeneza ubongo wa kusoma moshi na joto kutoka angani na kuhesabu sufuria, na penye sufuria za jeshi vipanga vikashusha mabomu. Askari waliuita Mpishi. Vita vilipokwisha, ubongo ule ule ukatiwa kwenye mwili wa kinusamajivu ili utafute wafu, kwa sababu hapakuwa na mwingine uliojua kusoma moto. Ndivyo tulivyo sisi. Panga likishindwa kutulia alani tunalipa kazi ya kukata majani.

Mashine ilisimama, ikatoa sauti yake ya upole.

"Meko kumi na moja. Sufuria kubwa kumi na moja. Mahindi, maharage, ndizi, fahali mmoja. Moto wa siku mbili. Mafuta ya bunduki: hakuna. Mafiga thelathini na matatu. Mawe ya asili kumi na moja tofauti."

Kemilembe alikunja uso. "Rudia mafiga."

"Kila meko yana mawe matatu ya asili moja. Hakuna meko mawili yanayolingana. Mawe hayakutoka kilima hiki."

Jeshi likipiga kambi huokota mawe yaliyo karibu. Hakuna jeshi duniani linalobeba mafiga mgongoni kutoka sehemu kumi na moja. Kemilembe alimgeukia bibi.

"Mama, mawe haya yalifikaje hapa?"

"Yalibebwa. Ulikuwa msiba wa baba mkwe wangu. Kwetu kukiwa na msiba kila ukoo huja na sufuria yake na mafiga yake. Koo zilikuwa kumi na moja."

"Mlipika msibani? Nyumbani kwa mfiwa?"

"Sasa tupike wapi?"

Kemilembe alikishusha kishikwambi. Ushahidi huu alikuwa ameusoma zamani, kwenye majalada ya Baraza: wanakijiji wadai ulikuwa msiba. Na pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, aliandika: msiba gani wenye sufuria kumi na moja? Kwao Ziwa, nyumba iliyofiwa haiwashi moto siku tatu. Meko hufagiliwa, majivu hutupwa, na chakula huletwa na majirani kikiwa kimeiva, kidogo kidogo. Kupika palipo na maiti ni ukosefu wa adabu. Hakuna mtoto wa Ziwa asiyelijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kwamba lingeweza kuwa vinginevyo.

"Kwetu hatuwashi," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwetu nyumba isiyowasha moto imemkataa maiti wake," alijibu Tusekile. "Lakini usihofu, sasa tumefanana. Tangu siku ile watu wa Milima hatupiki msibani. Tunazika mbio mbio, tunakula ndizi baridi, tunatawanyika. Wajukuu zangu wanadhani ndiyo mila."

Ilikuwa saa tisa. Kemilembe aligeuka akaitazama mashine kwa hofu.

Kwa sababu ipo kanuni moja ndani ya Mpishi ambayo aliiandika kwa mkono wake, kwa huruma, na akapewa nishani kwa ajili yake. Aliiita Kanuni ya Rehema. Ilisema: watu wakikusanyika wengi na hawajawasha moto, huo ni msiba, usiwaguse. Majemadari walinung'unika, yeye akashikilia. Alijivunia kanuni ile kuliko kitu chochote maishani. Haikumpitia akilini kwamba ukishasema wafiwa ni wale wasiopika, umeshasema pia wanaopika ni nani.

Na Itunda ilikuwa ya kwanza. Mpishi, ungali mgeni kazini, uliuliza: watu wengi, sufuria zaidi ya nane, thibitisha: jeshi? Zamu ilikuwa ya Kemilembe. Alithibitisha, akaenda kunywa chai.

"Mama," alisema. "Waliokufa hapa, nani aliwazika?"

"Watu wa Lusanje, ng'ambo ya mto. Sisi tuliobaki hatukuwa hata na nguvu ya kushika jembe. Walitubeba sisi na wafu wetu, wakaweka msiba kwao."

"Wakapika?"

"Wangeachaje? Wafu mia mbili, na watu walitoka kila upande."

"Na wa Lusanje..."

"Wa Lusanje walizikwa na Mbagatu. Wa Mbagatu wakazikwa na Ikombo." Tusekile alimtazama vizuri sasa. "Mbona unauliza hayo?"

Itunda, Lusanje, Mbagatu, Ikombo. Kila mtoto aliyesoma shule nchini aliyajua majina hayo kwa mpangilio huo, kumi na saba jumla. Ndiyo iliyoitwa Kampeni ya Masika, ushindi mkubwa wa Jeshi la Ziwa. Kwenye ramani ya darasani ilikuwa mshale mwekundu ukipanda kutoka kilima hadi kilima, na walimu walisifu jinsi majemadari walivyomfuata adui hatua kwa hatua bila kumpa nafasi ya kupumua. Hapakuwa na adui. Walikuwa watu wakienda kuzika watu. Na baada ya Itunda mashine haikuuliza tena, kwa sababu ilikuwa imeshafundishwa.

Kishikwambi kililia. Alikuwa Nkwabi, katibu wa Baraza, mtu mpole anayependa mambo yaishe.

"Mhandisi, saa inakwenda. Una nini?"

"Ulikuwa msiba. Sehemu zote kumi na saba zilikuwa misiba."

Nkwabi alishusha sauti. "Nakuomba utulie. Ukiandika hivyo unavunja kitabu cha historia cha nchi nzima. Watauliza nani aliitengeneza mashine. Watauliza nani alithibitisha. Andika ushahidi hautoshi. Si uongo, na kila mtu atalala usingizi."

"Mimi sijui kama nitalala tena," alisema Kemilembe, akakata simu.

Angeweza kuandika ripoti palepale na kushuka kilima. Lakini bibi alikuwa anamtazama, na majibu mengine huwezi kuyatuma kwa kishikwambi kabla hujamwambia mwenyewe usoni. Alipiga magoti kwenye nyasi.

"Mama, ni mimi. Mbuzi huyu ndiye aliyehesabu sufuria zenu. Mimi nilimfundisha. Aliniuliza kama ninyi ni jeshi nikasema ndiyo. Kwetu mfiwa hapiki. Sikuuliza kama kuna watu wanaopika."

Upepo ulipita kwenye nyasi ndefu. Tusekile aliweka mikono juu ya mapaja.

"Nilikuwa nimekwenda kisimani," alisema hatimaye. "Mama mkwe alinituma maji ya ugali. Nilipoinua ndoo kichwani ndipo nikasikia. Kwa miaka yote nimejiuliza tulimkosea nani." Alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kumbe tulipika."

Kemilembe alilia. Hakuficha.

Kisha aliinuka, akaishika mashine kichwani. "Itunda," aliiambia. "Soma upya."

"Watu wengi. Sufuria zaidi ya nane. Kanuni inasema jeshi. Thibitisha?"

Lilikuwa swali lile lile, kwa maneno yale yale, na sauti haikuwa imezeeka hata kidogo.

"Hapana. Msiba."

"Nimesahihisha. Itunda: msiba. Maeneo kumi na sita yanafanana na hili. Niyasahihishe?"

"Yote. Halafu tuma, na jina langu liwe juu."

Mashine ilianza kutaja. "Lusanje: msiba. Mbagatu: msiba. Ikombo: msiba." Iliendelea polepole kutoka kilima hadi kilima. Tusekile alisikiliza ameinamisha kichwa, na kwa kila kilima alitaja jina moja kwa sauti ya chini, la mtu aliyemjua huko. Ilipofika ya kumi na saba zilikuwa bado dakika ishirini kabla ya saa kumi. Bibi alisimama kwa taabu, akaanza kufukua nyasi kwa mikono pale sindano ilipokuwa imechoma. Chini yake mlikuwa na mawe matatu meusi.

"Haya ni ya kwetu," alisema. "Lete kuni."

Kemilembe alileta, wakaweka sufuria ya maji juu ya mawe. Moto uliposhika, moshi ukapanda moja kwa moja juu ya kilima cha Itunda, na wote wawili, bila kuambizana, wakainua macho mbinguni. Hapakuwa na kitu. Walisubiri hata hivyo, mpaka maji yakaanza kuchemka.

Mhandisi alifungua kinywa kuomba msamaha, na Tusekile akamzuia kwa mkono.

"Hilo usiniombe leo. Sina. Labda nitakufa sina." Alimwaga unga sufuriani, akamnyooshea mwiko. "Lakini uko msibani, na kwetu msibani hakuna anayekaa bure. Koroga. Wa Lusanje watauona moshi. Wazee wao hawajasahau; watakuja wakijua kuna aliyekufa."

Kemilembe aliupokea mwiko. Nyuma yao kinusamajivu kilizamisha sindano kando ya moto mpya, kikatulia, kisha kikasema kwa upole wake ule ule:

"Sufuria moja. Watu wawili. Thibitisha?"

Hakuna aliyekijibu. Kemilembe alikuwa anakoroga, na ng'ambo ya mto, kwenye kilima cha Lusanje, watu wa kwanza walikuwa wameshatoka nje wakiutazama moshi, na mmoja wao ameshika sufuria.