Maswali ya Shangazi Vumilia

"Kwenu kuna kifafa?"

"Hakuna," baba akajibu.

"Ukichaa?"

"Hakuna, mayu," akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mtu aliyekufa kwa ugonjwa usioeleweka?"

Baba akanitupia jicho mara moja, kisha akageukia kikombe chake cha chai.

"Mama Melania alikufa kwa malaria."

Shangazi Vumilia, shangazi yake Boaz, alikuwa ametoka Kahama kuja kwetu Kharumwa kuuchunguza ukoo wetu kabla Boaz hajanioa. Ndiyo desturi, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa na lile jibu. Miaka sita nimezunguka Nyang'hwale nzima nikitafiti vinasaba vya magonjwa ya ubongo, nikiuliza maswali yaleyale ya Shangazi, na karibu kila nyumba yenye binti wa kuolewa hunidanganya. Chati zangu za koo zimejaa malaria isiyokuwa malaria. Nilikuwa nawalaumu sana watu hao. Leo baba yangu alikuwa mmoja wao, na mimi nilinyamaza dakika nzima.

"Shangazi," nikasema, "mama hakufa kwa malaria."

"Melania," baba akaniita taratibu.

"Alikuwa na ugonjwa wa ubongo wa kurithi. Mikono na miguu ilicheza yenyewe, baadaye akatusahau. Bibi aliyemzaa naye alikuwa hivyohivyo. Ndiyo maana nikasomea kazi hii."

Shangazi akafunga kitenge chake vizuri, akaaga. Soda hakuimaliza.

Boaz ni fundi mitambo mgodini Bulyanhulu. Alinipigia alipotoka zamu.

"Miaka miwili unanieleza habari za ubongo wa watu. Wa mama yako hukuwahi."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ungeondoka."

"Na wewe unao?"

"Ni nusu kwa nusu. Sijapima."

"Wewe unayewashawishi watu watoe damu?"

"Mimi huyohuyo. Na kama ninao, kila mtoto wetu naye ni nusu kwa nusu. Hauna dawa ya kuuponya, Boaz."

Akakata simu.

Siku nne hakupiga. Nilimwandikia: "Sikulaumu." Nikaona tiki mbili za bluu, basi. Nililia maabara mbele ya friji la sampuli, mtafiti mzima na koti langu jeupe. Nilimpenda yule mwanaume kiasi cha kumficha habari za mama, na ndiyo aibu iliyoniuma zaidi.

Siku ya tano ukaingia ujumbe: "Tuko stendi Kharumwa. Tuko wawili."

Wa pili alikuwa Shangazi Vumilia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kiti kilekile cha siku ile.

"Mimi niliuliza ya kwenu," akasema. "Wewe hukuuliza ya kwetu."

"Bibi harusi hana ruhusa ya kuuliza, Shangazi."

"Basi nasema bila kuulizwa. Mdogo wangu Maduhu alikuwa anaanguka kifafa. Walipokuja kuniposa tulimfungia ghalani, tukasema tumezaliwa watano. Mlango niliufunga mimi." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Alikuwa anatusikia tukijihesabu, yeye hayumo."

Kisha baba akaweka kikombe chini.

"Mke wangu Mbuke aliumwa miaka tisa," akasema. "Nilikuwa namlisha mwenyewe."

Nilikuwa nimemwomba anisimulie habari hiyo kwa ajili ya utafiti tangu mwaka wa kwanza, na mwaka wa kwanza alinifukuza sebuleni.

Boaz alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Siku nne ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa najaribu kukuacha. Sikufichi."

"Ikawaje?"

"Nikawa nawaza, siku ukiugua nani atakulisha. Kila niliyemfikiria nikamwonea wivu."

Shangazi akakohoa, akaangalia pembeni. Mimi nilishindwa kujizuia, nikacheka huku machozi yananitoka.

"Jumatatu natoa damu," nikamwambia. "Lakini ujue, majibu huchukua miezi mitatu."

"Mitatu?" Boaz akamtazama baba, akamtazama na shangazi yake. "Basi yatatukuta tumeshaoana."