Mnywa Umeme

Pasi ilipoa mkononi mwa Sidonie kabla hajamaliza kola ya kwanza. Aliinua macho. Taa ya sebuleni ilikuwa imefifia, nyekundu kama kaa linalozimika, ilhali nyumba nyingine zote za askari hapo Mbarara zilikuwa zinawaka kama kawaida.

"Imeanza tena," alisema Kyomuhendo, mke wa Sajenti Jovan, bila kugeuka. "Fundi amebadilisha waya yote. Anasema iko sawa. Mimi nimechoka."

Sidonie, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, aliwaacha watoto wake Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ili awafulie watu mjini. Alichomoa pasi akangoja. Ikaja harufu ya majivu yaliyolowa. Kisha ndani ya ukuta, nyuma ya swichi, ukaanza mvumo, ukapanda na kushuka pamoja na taa, ukapanda tena, mpaka ukawa maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya Kibembe, lugha ya kwao, kwa sauti ya bibi kizee aliyekuwa akinung'unika kwamba ana baridi, ana baridi, na moto wa nyumba hii haumtoshi.

Chumbani, Evas, mtoto wa Kyomuhendo, alilia mara moja akanyamaza.

Walimkuta mtoto amejibana ukutani, mwili baridi kama chuma, nywele zake zimesimama kuelekea kwenye soketi.

"Mama Evas, hii si waya," Sidonie alinong'ona. "Kuko mutu. Anasema baridi mingi."

Jovan aliingia wakati huo akitoka kazini. Mwaka uliopita alikuwa amerudi kutoka vitani Kongo.

"Afande," Sidonie alimuuliza, "kule kwetu ulilala kwa nani?"

Jovan alikaa bila kuvua buti. "Kulikuwa mama mmoja mzee. Mvua mingi. Alinipa nafasi yake karibu na moto." Akaanza kufungua kamba za buti. "Asubuhi hakuamka."

"Mwambie atoke, Sidonie," alisema Kyomuhendo, mtoto kifuani. "Huyu atakufa."

Sidonie aliweka kiganja ukutani. Alizungumza kwa Kibembe, taratibu, akimwita koko, yaani bibi, kama unavyomsemesha mama mkwe aliyechoka: awaache hawa, si watu wake, afuatane naye hadi kwake Rubondo, huko atamkokea moto. Taa ikatulia. Evas akaomba uji.

Kesho yake Sidonie alipanda boda mpaka Rubondo, ambako nyaya za umeme hazijafika. Jioni aliwasha moto wa kuni kavu, akakaa na Chantal, kitinda mimba wake. Moto ukashika vizuri, kisha ukanywea, ukawa mwekundu. Akaongeza kuni. Zikanywewa. Akaongeza tena, mikono mizito, hadi zikaisha.

"Maman," Chantal aliuliza kwa sauti ndogo, "huyu koko tunamusalimia namna gani?"

Kisha akasogea mkekani, kumpisha mtu, akaanza kutetemeka.