Picha ya Koo la Zebedayo

Ndugu zangu wa Gonja, na nyie wa huku chini barabarani, hebu sogeeni. Miaka ile soko huria lilipoingia, kila mwenye kabati la kioo akafungua duka la dawa. Nyumba ya Zebedayo ilikuwa na amani. Mwenyewe alikula makande kwa kasi ya kuwatia watoto wake wasiwasi, na mkewe, Raheli, akimcheka.

Jioni moja makande yakagoma kifuani. Akashushia maji, maji nayo yakarudi. Tangu hapo akawa mtu wa mchuzi, sahani anaisukuma. Raheli, na maneno yake mnayajua, akamwambia akienda tena huko anakopikiwa wali amsalimie mpishi. Zebedayo alicheka, ila mkanda wake ulikuwa umeshafika tundu la mwisho.

Kaka yake, Eliufoo, alikuwa na duka la dawa Hedaru. Akampa vidonge vya kutafuna, eti ni kiungulia tu. Vikaisha, akampa vingine. Raheli ndiye aliyeng'ang'ania waende hospitali, na Eliufoo akamsindikiza mdogo wake. Huko Zebedayo alinyweshwa kitu cheupe, kizito kama chokaa, akapigwa picha huku anameza, ili daktari aone kinapita wapi na kinakwama wapi.

Kisha mgonjwa akaambiwa asubiri kwenye benchi, akaitwa kaka. Ndivyo tulivyo: anaumwa huyu, anaambiwa yule, utadhani yule ndiye atakayekufa. Eliufoo alitoka anatabasamu.

"Vidonda vidogo tu, mdogo wangu. Dawa ziko dukani kwangu."

Nani amtilie shaka kaka wa tumbo moja? Zebedayo akatafuna vidonge mpaka navyo vikakataa kushuka, kisha uji, mwishowe hata mate. Raheli akampandisha tena hospitali. Daktari akashangaa kumwona bado yuko huku. Picha, alisema, ilionyesha njia ya chakula imebanwa na uvimbe, na alimwagiza kaka ampeleke hospitali kubwa ya Moshi wiki ileile.

Jioni Eliufoo akaja kumjulia hali, kopo la maziwa mkononi. Raheli akamuuliza kama ni kweli. Akajitetea kwamba hakutaka kumtisha mgonjwa; halafu, kwa sauti ya chini, kwamba watu wangesemaje juu ya dawa zake.

"Hukumtisha, shemeji," Raheli akamwambia. "Ulimfanya mteja."

Zebedayo akageukia ukuta. "Kaka, koo ni langu. Picha yangu ukaninyima."

Moshi walimtoboa tumbo wakampitishia mpira wa kulishia. Uvimbe haukungoja. Siku ya maziko Eliufoo alisimama kusema neno la familia. Raheli akawashika watoto mkono, akahamia nao upande wa pili wa kaburi.

MAFUNZO

Chakula kikikwama mara kwa mara, usimtafute mpishi wa nje wala usihamie duka la dawa. Nenda wakakuangalie koo. Ukishapigwa picha, ingia ndani mwenyewe, uulize kwa mdomo wako. Na wewe uliyeitwa ndani kwa kuaminiwa, ukitoka sema ulichoambiwa, chote. Ukikificha, umemzibia mwenzako njia ya pili, na ya kwanza imeshaziba.