Jiwe la Milembe Chini ya Noah

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Zimeni redio, na wewe acha kutafuna huo muwa. Hili nalisema kwa sauti ya chini, nimechoka.

Nyanda wa Ngulyati, mtoto wa dada yangu Milembe, alikuwa na Noah ya kupeleka abiria Bariadi. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa, gari linayumba kama mlevi. Asubuhi moja akaamua kuzibadilisha mwenyewe, uani. Hakuwa amelala vizuri tangu tumzike mama yake, wiki tatu tu. Mnamkumbuka Milembe, yule ambaye mundu ulimla kidole cha mwisho, mkono wa kulia.

Kazi aliijua. Alizuia matairi ya mbele kwa mawe, akapiga jeki, akatoa ya nyuma. Lakini jeki peke yake haiaminiki. Akatafuta cha kuegemeza gari. Akaliona jiwe la kusagia, jikoni kwa mama yake.

"Kaka, liache," dada yake Kwandu alisema. "Vitu vya mama havijagawanywa."

"Naliazima saa moja tu. Mama ataninyima jiwe?"

"Basi mwombe."

"Nimwombe nani? Jikoni hakuna mtu." Akacheka kichovu, akalibeba, akalilaza juu ya gogo chini ya gari.

Kwandu akachukua ndoo, akaenda kisimani.

Shokapu ya kulia iliingia vizuri. Ya kushoto, nati ilishika kutu. Nyanda akaingia uvunguni, akavuta spana. Akasikia jiwe linasaga. Taratibu. Kama mama yake akisaga uwele alfajiri, enzi za utoto wake.

Akaacha kuvuta. Jiwe halikuacha.

Unga ukamdondokea shavuni.

Sauti ikanong'ona sikioni: "Nanoga, ng'wanone." Nimechoka, mwanangu.

Mkono wa baridi ukamshika kifundo cha mguu. Ukamvuta nje.

Jeki ikateleza. Jiwe likapasuka. Gari likatua pale kilipokuwa kifua chake.

"Asante, Kwandu," alisema akihema.

Lakini Kwandu ndiyo kwanza alikuwa anaingia uani, ndoo kichwani.

Siku ya kugawana, Kwandu alirithi vile vipande viwili vya jiwe. Mdogo wao Salu akapewa mtamba. Nyanda hakudai kitu. Chake anacho kwenye kifundo cha mguu, alama ya mkono, nyeupe kama unga, haitoki kwa sabuni. Nimevihesabu mwenyewe vidole vyake.

Ni vinne.