Lami ya Nahodha Dirgham

Mkate ulinuka lami. Wadha aliumega, akaunusa tena, akawatupia kuku. Kuku nao wakaupita.

"Pua yako ndiyo mbovu," alisema mumewe, nahodha Dirgham, huku akitafuna. "Mji mzima wa Hit unanuka lami. Kula!"

Dirgham alikuwa ameachana na safari za mto Furati. Chombo chake kilipochakaa alikivunja, akauza mbao, akajenga kinu cha maji cha kusaga ngano. Lami iliyokiziba chombo aliibandua, akaiyeyusha upya na kulipaka gurudumu la kinu. Hapo ndipo alipokosea, tena kwa ubahili tu, maana watu wa Hit huizika lami ya chombo kilichoua mtu. Na kile kilimuua Mizban, kaka yake Wadha, aliyeshuka majini na kamba kiunoni kukisukuma kitoke mwambani. Dirgham aliapa kwamba kamba ilikatika yenyewe.

Adhuhuri hiyo Wadha alipeleka chakula kinuni, Thamir, mwanawe wa pekee, akiwa mgongoni. Jua lilikuwa limelainisha lami. Kwenye ubao wa gurudumu palikuwa na alama mbichi ya kiganja chenye vidole vinne. Mizban alizaliwa hana kidole gumba. Wadha akasikia pumzi za mtu anayemeza maji, zikitoka si mtoni bali ndani ya jiwe la kusagia, zikapanda, zikamzunguka, zikamfika mgongoni, na alipomgeuza Thamir akamkuta baridi kama samaki, macho wazi, mdomo ukitoa harufu ile ile ya mkate.

Mganga Sabriya alimnusa mtoto akarudi nyuma.

"Ni kaka yako, binti yangu," alinong'ona. "Lami imemfunga, na humo ndani amekuwa kitu kisichojua tena damu yake. Anataka aliyemuua akiri kwa mdomo wake, mbele ya gurudumu. Jua likizama kabla muuaji hajakiri, kaka yako anaondoka na huyu."

Wadha alirudi kinuni mbio, Thamir mgongoni. Gurudumu lilikuwa limekwama, Dirgham amelipanda, analipiga mateke. Alimtupia mkewe kamba ya mlango wa maji.

"Shika! Ukiachia, maji yataingia na gurudumu litanisaga."

"Baba Thamir, kiri. Mtoto anakufa."

"Afe! Tutazaa mwingine. Kinu nitakizaa wapi?"

Wadha alimchukia palepale, chuki safi isiyo na machozi. Dirgham akashika ubao ashuke, na mkono haukubanduka. Lami ilimpanda kiganjani, ikafika kiwiko, ikaanza kumvuta.

"Usiachie, mke wangu! Usiachie!"

"Mizban naye alisema hivyo?"

"Alisema! Nilikata mimi! Chombo kilijaa ngano, kingezama, nikaikata kamba!"

Thamir akapiga chafya, akalia. Harufu ikatoweka, na lami ikauachia mkono wa Dirgham. Akacheka kwa nafuu.

"Umeona? Yamekwisha. Funga kamba nishuke."

Wadha akaiachia.

Kesho yake alikanda unga ule ule, na haukunuka chochote. Akaufunika, akaenda kumnyonyesha Thamir huku akiimba. Aliporudi, kitambaa kilikuwa sakafuni, na katikati ya unga mweupe palikuwa na alama nyeusi ya kiganja. Akahesabu vidole, akahesabu tena.

Vilikuwa vitano.