Mashine Kooni mwa Chiriku

Kila asubuhi kinyozi hufagia nywele za jana, hupangusa kioo, kisha huwasha mashine ya kunyolea. Zzzz! Binti yake mdogo hukaa kwenye benchi la wateja, miguu inaning'inia. Tangu aanze kuongea alikuwa hanyamazi, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Lakini siku hizi, wapi! Kimya.

Chanzo ni wateja. Chiriku alisema "kari" badala ya "gari", na "tata" badala ya "dada". Wakapata mchezo.

"Chiriku, sema gari!"

"Kari."

Wakavunjika mbavu. Baba mtu naye akacheka, tena kwa nguvu. Basi mtoto akafunga mdomo. Akitaka maji, ananyoosha kidole.

Bibi yake akaja na lake. "Ulimi wake umefungwa," alimwambia kinyozi. "Ukate kidogo tu hapo chini. Wembe unao, na mkono wako hautetemeki."

"Hee! Mama, mtoto akatwe mdomoni?" mke wa kinyozi alishtuka.

"Karibu ataanza shule. Wakimcheka na huko je?"

 Kinyozi aliogopa sana. Hata hivyo alichemsha maji, akachukua wembe mpya.

Mara akaingia jirani yao, mama anayefanya kazi kliniki, chumba cha matamshi, watoto wanakofundishwa kutamka. Alikuja kupunguzwa nywele.

"Wembe huo wa nini?"

Bibi akamweleza.

"Ngojeni kwanza! Chiriku, toa ulimi. Upandishe juu. Lamba mdomo."

Chiriku akawatolea ulimi wote, kwa raha zake.

"Sasa huu umefungwa wapi? Tena hata ungefungwa, hii si kazi ya wembe wa kinyozi. Angetoka damu nyingi, angepata kidonda kibaya."

"Basi tatizo ni nini?" aliuliza kinyozi.

"Wekeni vidole kooni, wote. Semeni sssss."

"Sssss." Koo limetulia.

"Sasa zzzzz."

"Zzzzz. Mh! Kunatetemeka!" Bibi alitoa macho.

"Ulimi umebaki palepale. Kilichobadilika kiko kooni. Humo mna nyuzi za sauti. Zikitetemeka, sauti inayotoka huitwa ghuna. Z, g, d na b ni ghuna. Zisipotetemeka, huitwa si ghuna. Hizo ni s, k, t na p. Sasa, k na g hutamkwa mahali pamoja. Chiriku anapapata mahali hapo sawasawa, ila nyuzi haziwaki."

"Kama mashine yangu," kinyozi alisema taratibu. "Meno ni yaleyale. Kinachobadilika ni swichi."

"Umesema kweli!"

Bibi alikuwa bado ameshika shingo. "Zzz. Sss. Zzz. Makubwa! Miaka yote hii nina mashine kooni, sina habari!"

"Mleteni kliniki tupime masikio," alisema jirani. "Asiyesikia vizuri hupata shida kutamka. Kisha nitawaonyesha mazoezi. Na acheni kumcheka. Mtoto akichekwa, haachi kukosea. Anaacha kujaribu."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Wembe akaurudisha ndani ya droo.

Masikio yalikuwa mazima. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya wateja, Chiriku aligusa mashine ikinguruma, kisha akagusa koo lake. Zzzz. Siku nyingine koo lilikataa kabisa. Hakuna aliyecheka. Mteja mmoja alijaribu, "Chiriku, sema gari!" Kinyozi akazima mashine, kichwa kimenyolewa nusu.

"Hapa mtoto hachekwi. Ukitaka kucheka, nenda hivyohivyo."

Mteja akafyata ulimi.

Asubuhi moja Chiriku aliuvuta mkono wa baba yake, akauweka kooni mwake. Ni mkono uleule uliokuwa umeshika wembe.

"Baba."

Kinyozi aliuhisi mtetemo chini ya vidole vyake. Machozi yakamlenga. "Sema tena, mama."

"Baba. Baba, gari lile la nani? Mbona halina mlango? Na dada yule anakwenda wapi?"

Alisema mpaka jioni. Bibi akaziba masikio. "Jamani," alisema, "swichi ya kuzima iko wapi?"

Chiriku ndiye aliyecheka kuliko wote.